Majina Arobaini na Mawili

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Thea Hardcastle alikuwa akiamka kabla saa ya mezani haijalia. Alichemsha maji, akamimina chai ya maziwa kwenye chupa ya bibi yake, akapaka siagi na jamu ya machungwa kwenye vipande viwili vya mkate uliochomwa, akavifunga kwa karatasi. Kisha alimshika Bibi Doreen mkono, wakashuka taratibu mtaa wa Mill Lane, ambao mawe yake huteleza kukinyesha, na huko kunanyesha karibu kila siku. Treni ya saa mbili kasoro dakika nane haikumngoja mtu, na Bibi hakuwa mtu wa kukimbia tena.

Figo za Bibi zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali ya mjini, akalala kitandani kwa muda wa saa nne huku mashine ikimsafisha damu, akarudi mchana akiwa hoi lakini mzima. Zamu yake ilianza saa tatu kamili. Aliyechelewa aliipoteza, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na mgonjwa mwingine anayesubiri kitanda hichohicho. Baba yake Thea alikuwa dereva wa lori, akiondoka alfajiri na mara nyingine kulala njiani siku mbili. Basi la kwanza kutoka Kelbeck lilifika mjini saa nne. Kwa hiyo nyumba ile yote ilitegemea treni moja.

Jumatatu moja ya mwezi wa Novemba walikuta karatasi mpya imebandikwa kwenye ukuta wa stesheni. Bibi alikuwa amesahau miwani, basi Thea akaisoma kwa sauti. Kuanzia ratiba mpya ya katikati ya Desemba, treni hazingesimama tena Kelbeck. Zingepita moja kwa moja ili safari iwe ya haraka, kwa sababu abiria wa stesheni hiyo ni wachache.

Bibi alitazama jukwaani. Walikuwepo watu sita na mbwa mmoja.

"Kwenye uchache hawajadanganya," alisema.

"Sasa hospitali utakwendaje, Bibi?"

"Itabidi nihamie kwa shangazi yako Maureen. Kwake hospitali iko ng'ambo ya barabara tu."

Shangazi Maureen aliishi Plymouth, kusini kabisa mwa nchi, safari ya saa saba. Bibi ndiye aliyemlea Thea tangu akiwa na miaka miwili. Ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na ndiye aliyejua kwamba Thea akinyamaza sana ana jambo. Treni ikaingia, mlango ukafunguka, Bibi akapanda na chupa yake ya chai. Thea alibaki jukwaani mpaka taa nyekundu ya behewa la mwisho ilipopotea, kisha akaenda shule.

Wiki hiyo Mwalimu Pennington alikuwa akifundisha darasa la Thea habari za serikali. Alikuwa amepanga madawati katika pande mbili zinazotazamana, na yeye mwenyewe ameketi katikati.

"Upande huu ni serikali. Upande ule ni upinzani. Mimi ni Spika, na nikisimama wote mnakaa kimya. Wewe, Dominic, ni waziri, hivyo kaa mbele. Ukae kama waziri, si kama gunia."

Thea alinyoosha mkono. "Mwalimu, nani anaamua treni isimame wapi?"

"Dereva," alisema Dominic Fairclough, na darasa likacheka.

"Mwandikie Mfalme," alidakia mwingine kutoka nyuma.

"Mfalme hapangi ratiba za treni," alisema Mwalimu. "Muswada ukipitishwa na mabaraza yote mawili ya Bunge, lile la wabunge waliochaguliwa na lile la Malodi wasiopigiwa kura, Mfalme huutia idhini, nao unakuwa sheria. Lakini kuendesha nchi siyo kazi yake. Ni kazi ya nani?"

"Ya Waziri Mkuu na mawaziri wake," alisema Tahira Mahmood, rafiki yake Thea.

"Na Waziri Mkuu kachaguliwa na nani?"

"Na sisi. Yaani, na wazazi wetu."

"Sivyo. Hakuna mtu wa Kelbeck aliyewahi kukabidhiwa karatasi ya kumchagua Waziri Mkuu. Wazazi wenu humchagua mtu mmoja tu, mbunge wa jimbo hili. Majimbo ni mia sita na hamsini, na kila moja hutoa mbunge wake. Chama chenye uwezo wa kupata wabunge wengi nyuma yake, kiongozi wake huitwa na Mfalme aunde serikali. Naye huwachota mawaziri humohumo Bungeni. Ndiyo maana waziri wa uchukuzi hawezi kujifungia ofisini. Lazima aje asimame pale alipokaa Dominic, aulizwe, ajibu. Siku wabunge wengi wakisema hawana imani tena na serikali, serikali hiyo imekwisha."

"Kwa hiyo waziri anawaogopa wabunge?" aliuliza Thea.

"Anawajibika kwao. Kuogopa ni hiari yake."

"Na mbunge anawajibika kwa nani?"

"Kwako. Kwa bibi yako. Kwa kila mtu wa jimbo, hata kwa Dominic." Mwalimu alivua miwani akamtazama Thea vizuri zaidi, maana alikuwa ameanza kuelewa kwamba hapa hapakuwa na somo tu. "Mbunge wetu ni Bi. Garside. Kila Jumamosi ya pili huketi maktaba kusikiliza shida za watu. Mnaweza kumpelekea ombi la maandishi lenye sahihi za wakazi, naye ataliwasilisha Bungeni."

"Sahihi za nani?" alisema Dominic. "Stesheni yenyewe ina watu sita na mbwa."

"Nitapata majina mia mbili na hamsini," alisema Thea.

"Ukiyapata, mbwa niite mimi."

Jioni hiyohiyo Thea na Tahira walianza kuzunguka na karatasi zilizobanwa kwenye ubao. Juu ya kila karatasi Mwalimu alikuwa amewasaidia kuandika ombi: kwamba wakazi wa Kelbeck wanaliomba Bunge liihimize serikali iache treni ziendelee kusimama stesheni yao. Chini yake palikuwa na mistari ya jina, anwani na sahihi. Mwenye duka la samaki na chipsi alisaini kwa kidole kilichojaa unga. Mama mwenye mapacha alisaini huku pacha mmoja akimvuta kalamu. Siku tatu za mwanzo mambo yalikwenda vizuri.

Kisha wakagonga kwa Bwana Sugden, jirani wa nyumba ya tatu, mzee mrefu asiyejua kucheka.

"Mnampelekea yule mama Garside?" aliuliza akiwa amesimama mlangoni. "Mimi sikumpigia kura. Tena chama chake ndicho kilicho serikalini, na waziri wa uchukuzi ni mwenzake. Chama kina mnadhimu wake, kazi yake kuhakikisha wabunge wao hawatoki kwenye mstari. Mnafikiri mama huyo atasimama awaumbue wenzake kwa ajili ya stesheni yetu? Nendeni mkafanye kazi za shule."

Akafunga mlango. Alhamisi mvua ikaanza, ikanyesha mfululizo, na Tahira akashikwa na mafua. Ijumaa mchana Thea alihesabu akapata majina mia mbili na manane. Kesho yake ilikuwa ndiyo Jumamosi ya maktaba. Shuleni Dominic alikuwa amembwekea "hau, hau" koridoni, kisha akauliza kwa upole wa kejeli, "Bado, siyo?"

Akitoka shule Thea alipita njia ya mkato kwenye makaburi ya kanisa. Mvua ilikuwa imepungua. Majina yalimtazama kutoka kwenye mawe, majina mazuri ya watu wa Kelbeck kweli: Septimus Thwaite, Agnes Ogden, Hannah na Jabez Crabtree. Alisimama. Alijiambia kwamba hawa nao walikuwa wakazi, na kwamba wangekuwa hai wangesaini bila kusita. Akatoa kalamu mbili, ya buluu na nyeusi, akaanza kuyajaza kwenye mistari iliyobaki chini ya kila karatasi, akibadilisha mwandiko na kubuni namba za nyumba. Aliandika mpaka vidole vikaganda kwa baridi.

Jina la arobaini na mawili lilikuwa kwenye jiwe jipya kuliko mengine, karibu na ukuta. Clifford Hardcastle. Babu yake. Alikuwa amefanya kazi ya kuongoza treni kwenye kibanda cha ishara cha Kelbeck kwa miaka thelathini na mmoja. Thea aliandika jina hilo kwa uangalifu kuliko yote, akafunga kalamu. Aliondoka na majina mia mbili na hamsini kamili, lakini furaha aliyoitarajia hakuiona.

Jumamosi asubuhi Bibi alivaa koti lake zuri, wakaenda maktaba. Bi. Garside alikuwa ameketi kwenye pembe ya vitabu vya watoto, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, kikombe cha chai mkononi. Mbele yao alikuwepo mzee mmoja aliyelalamika kwamba takataka zake hazijachukuliwa wiki tatu.

"Takataka ni za halmashauri, Bwana Lomas," Bi. Garside alimweleza. "Nikisimama Bungeni kuuliza habari za pipa lako, Spika atanikalisha chini. Lakini nitampigia simu diwani wako, maana najua anapokaa."

Ilipofika zamu yao, alizipokea karatasi kwa mikono miwili. "Mia mbili na hamsini. Na wewe una miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Nakushukuru. Basi sikiliza nitakavyofanya. Alhamisi ijayo, Bunge likikaribia kufunga kazi ya siku, nitasimama nisome ombi lenu. Nikimaliza, nitakwenda nyuma ya kiti cha Spika. Hapo huning'inizwa mfuko wa kijani. Nitalitumbukiza humo, na wizara italazimika kulijibu. Wiki inayofuata ni zamu ya waziri wa uchukuzi kuulizwa maswali. Nitamuuliza mbele ya wote."

"Chama chako hakitakukasirikia?" aliuliza Bibi.

"Mnadhimu amekwishanishauri nisubiri mpaka masika. Nimemwambia masika treni itakuwa haipo. Atanuna, lakini kiti changu nimepewa na watu wa hapa." Alimsogezea Bibi zile karatasi. "Mama, wewe ndiye mwenye safari. Hebu zipitie kwanza."

Bibi alivaa miwani. Alisoma polepole, akiitikia kwa kichwa kila alipoona jina la mtu anayemfahamu. Chini ya ukurasa wa kwanza kichwa kilisimama. Kwenye ukurasa wa mwisho alikaa muda mrefu, kidole kikiwa kwenye mstari wa chini kabisa. Thea alijua ni mstari upi. Alitamani sakafu ya maktaba ipasuke.

Bibi alizikusanya karatasi, akazinyoosha kingo, akamrudishia mjukuu wake.

"Mpe wewe," alisema. "Kazi ni yako."

"Kabla hujanipa," alisema Bi. Garside, akichukua kalamu, "kuna jambo moja. Mle Bungeni sote tunaitana waheshimiwa. Naweza kumwambia mwenzangu amekosea, amechanganyikiwa, hajui anachokisema. Siruhusiwi kumwita mwongo. Spika atanitoa nje. Unajua maana yake nini?"

"Kwamba hakuna mwongo?"

"Wapo, kama mahali pengine popote. Maana yake ni kwamba kazi yote ya pale inakwenda kwa kuaminiana maneno. Mbunge akisema jambo lisilo kweli, anatakiwa arudi asimame alirekebishe mbele ya wote. Kwa hiyo nataka nikuulize kama watakavyoniuliza mimi. Hawa wote ni watu wa Kelbeck?"

Thea alizishika karatasi kifuani. Angeweza kusema ndiyo, na ndiyo hiyo ingekuwa na ukweli kidogo ndani yake. Alimtazama Bibi, lakini Bibi alikuwa anatazama dirishani.

"Ni wa Kelbeck," alisema. "Ila wengine wamekufa."

Bi. Garside aliweka kalamu chini. "Wangapi?"

"Arobaini na wawili. Niliwatoa makaburini. Nilitaka yafike mia mbili na hamsini." Machozi yalikuwa yameanza kumshuka, akayafuta kwa mkono wa sweta. "Hao wengine ni wazima. Mia mbili na wanane, nimewafuata mlango kwa mlango. Futa hao wafu tu."

"Siwezi. Umewachanganya kwenye kila ukurasa. Wizarani kuna watu wanaopitia majina haya. Wakimkuta Septimus Thwaite, ambaye jiwe lake hata mimi nimeliona, watazitupa karatasi zote, na waziri atasema Kelbeck hawana hoja, wana kitabu cha marehemu. Na mimi nitakuwa nimesimama nikadanganya." Hakupandisha sauti. "Kanuni ya Bunge, mwanangu, unajua inadai majina mangapi?"

Thea alitikisa kichwa.

"Moja. Jina moja la mtu aliye hai, na anwani yake, kwa mkono wake mwenyewe. Bibi yako peke yake angetosha."

Neno hilo lilimwuma Thea kuliko kama angefokewa. Kumbe alikuwa amedanganya kwa kitu ambacho hata hakikuhitajika, na sasa kwa sababu hiyo Bibi angeweza kwenda Plymouth.

"Hata hivyo mengi yana uzito kuliko moja," Bi. Garside aliendelea, akichukua karatasi mpya kwenye mkoba. "Leo Jumamosi. Mimi napanda treni ya London Jumatatu jioni. Niletee utakachokipata kabla sijaondoka. Kama ni kumi, nitasimama na kumi."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Walipofika lango la makaburi Bibi alipunguza mwendo.

"Sahihi ya babu yako ilikuwa mbaya kuliko ile," alisema.

Safari hii kazi ilikuwa ngumu maradufu, kwa sababu kila mtu aliuliza, "Si nilishasaini?" Na Thea alikuwa ameamua kwamba atajibu ukweli. Akaanza kwenye duka la samaki na chipsi.

"Nilitia majina ya uongo, hivyo karatasi zote zimeharibika. Naomba usaini tena."

Mwenye duka alimkazia macho, kisha akajifuta mkono kwenye aproni. "Majina ya uongo ya nani?"

"Ya makaburini."

"Mama mkwe wangu yuko kule. Ulimtia?"

"Anaitwa nani?"

"Agnes Ogden."

"Nilimtia."

"Basi ndiyo mara ya kwanza kukubaliana na mimi," alisema, akasaini.

Si wote waliokuwa hivyo. Mama wa mapacha alimwambia hana muda wa kuchezewa, akafunga mlango. Mwanamume mmoja alimpigia kelele barabarani. Tahira, pua ikiwa nyekundu kwa mafua, alijitokeza Jumapili mchana. Alikasirika kwanza, hasa kwa kuwa yeye alitembea kwenye mvua kwa majina yaliyoharibiwa, na Thea akamsikiliza mpaka mwisho bila kujitetea. Kisha Tahira akavuta ubao mmoja. "Wewe chukua upande wa mtoni," alisema. "Mimi nitachukua wa msikitini. Na ukiona kaburi, pita mbali."

Jumapili jioni, kabla ya giza, Thea alisimama mbele ya mlango wa Bwana Sugden. Alijua atakataa. Lakini nyumba zote za Mill Lane alikuwa amezigonga isipokuwa hiyo, na kuiruka kungekuwa uoga.

"Wewe tena," alisema Bwana Sugden.

Thea alimweleza yote, pamoja na jina la Babu Clifford. Mzee alisikiliza bila kubadilika uso.

"Na mbunge akakugundua?"

"Hapana. Nilimwambia mwenyewe."

"Na mnadhimu alipomkataza, yeye alisemaje?"

"Alisema kiti amepewa na watu wa hapa."

Bwana Sugden alikohoa. "Clifford nilikuwa nampelekea chai kibandani wakati wa theluji." Alinyoosha mkono apewe kalamu. "Sikumpigia kura mama huyo, na mara ijayo sitampigia vilevile. Lakini mbunge wa jimbo ni mmoja tu, na mimi ninaishi humu."

Jumatatu saa kumi, Thea alimkabidhi Bi. Garside karatasi stesheni, kwenye jukwaa lilelile. Majina yalikuwa mia moja thelathini na moja. Bi. Garside aliyahesabu, akamtazama mara moja, akaingia ndani ya treni.

Kesho yake shuleni habari ilikuwa imeenea. "Wafu wako wamepiga kura?" Dominic aliuliza.

"Wamegoma," alisema Thea. "Nimepata mia moja thelathini na mmoja walio hai. Sikufikisha, kwa hiyo huna haja ya kubweka." Baadaye, wakati wa chakula, Dominic alikuja akauliza kama bado angeweza kusaini. Thea alimwambia amechelewa.

Alhamisi saa kumi na moja jioni walikaa mbele ya televisheni nyumbani kwa Thea: Bibi, Tahira, na Bwana Sugden aliyedai amekuja kurudisha sahani. Ukumbi wa Bunge ulikuwa karibu mtupu. Kwenye viti vya kijani walikuwepo wabunge wasiofika kumi, mmoja akipiga miayo.

"Mbona wachache?" Tahira aliuliza.

"Ni Alhamisi, wanarudi majimboni," alisema Bwana Sugden. "Haidhuru. Linaloandikwa limeandikwa."

Bi. Garside alisimama, akiwa na karatasi zao mkononi. Alisoma ombi kwa sauti yake nzito, kisha akasema limetiwa sahihi na wakazi mia moja thelathini na mmoja wa Kelbeck. Akatembea hadi nyuma ya kiti cha Spika, akainama, akatoweka kidogo. Aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu. Jambo zima halikuchukua dakika mbili. Thea aliirudia ile hesabu kwa sauti ndogo, maana kila aliyehesabiwa, yeye au Tahira alikuwa amemtazama machoni.

Wiki iliyofuata waziri wa uchukuzi alisimama kuulizwa. Bi. Garside alipouliza habari za Kelbeck, upande wa upinzani ulishangilia kwa kejeli, kwa kuwa walipenda kuona mtu wa serikali akimbana mwenzake. Waziri alifungua jalada lake. Alisema ombi amelisoma, na maofisa wake wamelipitia na kuona majina ni halali. Treni ya asubuhi itaendelea kusimama Kelbeck. Ile ya mchana haitasimama.

Thea aligeuka kwa Bibi. "Ya mchana ndiyo unayorudia."

"Nitarudi kwa basi. Wakati wa kurudi hakuna mashine inayonisubiri."

"Kuna gari langu," alisema Bwana Sugden akitazama pembeni. "Linakaa tu."

Jioni hiyo Bibi alichapishiwa na maktaba ukurasa wa kumbukumbu rasmi za Bunge, ule wenye ombi la Kelbeck. Hakuubandika kwenye friji kama Thea alivyodhani. Aliuweka mezani, akamwita mjukuu wake akae.

"Babu yako alikuwa na daftari kubwa kibandani," alisema. "Kila treni ikipita, kengele ikilia, anaandika saa na dakika. Miaka thelathini na mmoja. Usiku mmoja wa baridi msimamizi alimpigia simu, akamwambia aandike treni ya mizigo imepita, ili hesabu za siku zikae sawa. Ilikuwa bado haijafika. Clifford alikataa. Walikaribia kumfukuza. Nikamwuliza, kwa mstari mmoja tu? Akaniambia, Doreen, aliye kibanda cha mbele hanioni mimi wala haioni reli yangu. Anachokiona ni nilichomwambia. Nikimwambia reli iko wazi, ataachia treni yenye watu."

Bibi aliusogeza ukurasa mbele ya Thea.

"Wewe ulimwambia mbunge, mbunge akawaambia wenzake, waziri akakuamini bila kukuona. Nchi nzima inakwenda hivyo, mwanangu, kwa watu wasioonana. Ndiyo maana ulichokisema pale maktaba ndicho kilichonibakisha nyumbani. Majina mia moja thelathini na moja yamesaidia. Lakini lililookoa treni ni lile ulilolikiri kabla hawajakukamata."

Thea alisoma tena ile namba iliyochapwa. Kisha akauliza swali lililokuwa limemkaa tangu Jumamosi ile. "Bibi, kwa nini hukumwambia Bi. Garside wewe? Uliliona jina la Babu."

"Niliona," alisema Bibi. "Nilitaka nijue kama nimelea mjukuu wake au mtu mwingine."

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Thea aliamka kabla saa haijalia, akachemsha maji. Saa mbili kasoro dakika nane treni ilipunguza mwendo na kusimama Kelbeck, na Bibi Doreen akapanda.